Noti Niliyokuwa Nikiikwepa

Gitaa la besi la kwaya yetu lilikuja Iringa kutoka Dar es Salaam ndani ya buti la basi, limelazwa kati ya gunia la nazi na friji ya mtu. Friji naikumbuka kwa sababu ndiyo iliyochelewesha kushusha mizigo pale stendi, nasi wanakwaya watano tumesimama tunasubiri kama watu waliokuja kumpokea bibi harusi. Mweka hazina wetu ndiye aliyesafiri nalo. Alikuwa amechagua kiti cha nyuma kabisa ili, kama alivyotueleza, akisikia kitu kinagonga huko chini kwenye kona za Kitonga ampigie kelele kondakta. Alishuka macho mekundu kwa kukosa usingizi, begi la gitaa amelikumbatia, akasema, "Limefika zima."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa sauti ya nne. Si mwanamuziki wa kusomea. Nilipoombwa kuandika jambo linalohusu imani nilifikiri kwanza niandike juu ya maombi, kisha nikaona kwamba juu ya maombi wapo wanaojua kuliko mimi. Ninalolijua mimi ni lile lililotokea kwa sababu ya gitaa hili na mlio mdogo uliokuwa ndani yake, ulionisumbua karibu miezi mitatu.

Lakini lazima nianze na fedha.

Tulichanga kwa miezi saba tukapata shilingi 1,040,000. Gitaa lilinunuliwa kwa 480,000 na ampu kwa 380,000. Zilizobaki, 180,000, katika taarifa ya mweka hazina ziliandikwa kwa mstari mmoja: begi, mkanda, waya, nyuzi za akiba na gharama za mzigo. Risiti ya gitaa ilikuwepo, ya ampu ilikuwepo. Ya mstari ule haikuwepo. Mweka hazina akasema ameitafuta na hajaiona, ila ataendelea kuitafuta. Ilikuwa kikao cha Januari, watu wameketi katika mabenchi ya mbele kanisani, mvua inapiga bati. Mimi nikanyoosha mkono. Maneno niliyosema siku ile nayakumbuka hadi vituo vyake. Nilisema kwamba fedha ya Bwana ni moto, na kwamba wamo humu ndani wanaojua hizo fedha zilikokwenda, basi dhamiri zao ziwasute. Nikaketi. Sikumtaja mtu, na haikuwa lazima. Humo ndani mwenye kushika fedha alikuwa mmoja tu.

Kikao kiliisha vibaya. Ajenda zilizobaki ziliahirishwa.

Mwezi Machi kijana mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kuhifadhi waya, akalifungua boksi la ampu, na chini ya lile povu jeupe la kukingia chombo kisivunjike akaikuta risiti. Kila shilingi ilikuwa mahali pake. Katika kikao kilichofuata nilisimama tena. Nikasema kama kuna mtu yeyote niliyemkwaza kwa namna yoyote, naomba anisamehe, maana sisi sote ni wanadamu. Watu wakaitikia amina. Mwenyekiti akanishukuru kwa moyo wa unyenyekevu, nami nikaketi nikijihesabu kuwa nimetubu. Mweka hazina hakuwepo. Wiki mbili kabla alikuwa ameshakabidhi daftari, na kuanzia hapo akawa anasali ibada ya kwanza, ile ya saa 1 asubuhi. Kwaya yetu huimba ibada ya pili. Kwa hiyo tukaishi vizuri tu, mimi na yeye, kwa kutokuonana.

Oktoba kijana aliyekuwa anapiga besi alipata nafasi ya chuo akaondoka. Kwaya ikabaki na kinanda, ngoma na gitaa la solo, na nyimbo zikawa kama nyumba iliyokosa msingi. Nikajitolea. Nilikuwa na miaka 51.

Anayedhani besi ni rahisi kwa kuwa ina nyuzi nne tu, na ashike. Nyuzi zake ni nene, na zinavuta. Zote nne pamoja huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayozidi kilo 60, ndiyo maana ndani ya mbao ya shingo hufichwa fimbo ya chuma ya kupingana nazo, la sivyo ingepinda kama upinde. Wiki mbili za kwanza vidole vyangu vilitoka malengelenge, nikawa nashika chaki darasani kwa kidole gumba na cha mwisho. Mwalimu wa kwaya, ambaye ana nusu ya umri wangu, aliniambia nisijaribu kupamba. Kazi yangu ni kukaa chini na kuhakikisha wengine wana mahali pa kukanyaga.

Wiki ya tatu nikausikia ule mlio. Nilikuwa sebuleni, napiga uzi wa pili kutoka juu bila kuubana, yaani ile noti ya A ya chini. Sauti ikatoka, na nyuma yake kukawa na kitu kingine: tzzzzz, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Nikapiga tena. Tzzzzz. Nikapiga uzi wa E, safi. Wa D, safi. Wa G, safi. Nikarudi kwenye A, nyuki yupo.

Neno la kwanza lililonijia, na naliandika hapa kwa aibu, lilikuwa: "Ndiyo hiyo ampu yake ya bei rahisi." Yake. Risiti imeonekana, hesabu imekamilika, nimeomba msamaha hadharani, na bado moyoni ampu ilikuwa yake. Tena nakiri kwamba nilifurahi kidogo. Kama ampu ni mbovu, basi hata kama hakuiba, alinunua vibaya, na kule kunyoosha kwangu mkono hakukuwa bure kabisa.

Nikaipeleka ampu kwa fundi redio wa sokoni. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaigongagonga, akachukua shilingi 5,000 akasema nzima. Sikumwamini. Kilichonifanya niamini ni umeme. Jioni moja ulikatika nikiwa katikati ya mazoezi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea giza la nyumba yetu nikaendelea kupiga bila ampu, sikio limekaribia mbao. Na nyuki akalia. Alikuwa ndani ya gitaa lenyewe. Ampu haikuwa na kosa.

Basi nikahamia kwenye uzi wa A. Ndio unaolia, ndio wenye kosa; hata mtoto wa chekechea angesema hivyo. Nikaubadilisha, nikafunga mpya kutoka zile za akiba. Nyuki akabaki. Mpiga gitaa la solo akaniambia uzi uko chini mno, unapotetema unagonga vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti. Hilo ni tatizo la kweli, hutokea mara nyingi, hasa mahali kama kwetu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Gitaa likitoka Dar es Salaam kwenye joto la bahari likaja kwenye baridi kavu ya Iringa, shingo husogea. Nikauinua uzi kwa kuzungusha skrubu ndogo kwenye daraja lake. Nikauinua tena. Ukawa juu kiasi kwamba kuubana kulihitaji nguvu ya kukamua nguo ya jinzi, na nyuki yupo pale pale. Nikachukua ule ufunguo mdogo wenye umbo la L, nikaikaza fimbo ya ndani ya shingo robo mzunguko, kisha nikaogopa nikairudisha. Nikakaza skrubu zote nilizoziona, za mbele na za nyuma, kila moja kidogo. Mke wangu akaniuliza natengeneza gitaa au natengeneza kitanda.

Kukaza kila kitu kidogo kidogo hakukusaidia lolote.

Hapo ndipo nilipoanza kukwepa. Noti ya A ipo sehemu nyingi kwenye gitaa. Ile ya chini hutetema mara 55 kwa sekunde. Ukibana freti ya pili ya uzi wa G unapata A nyingine, ya juu zaidi, inayotetema mara 110. Ni noti hiyo hiyo kwa jina, ila haina uzito. Nyuki haisikii. Nikajizoeza kuruka kwenda juu kila wimbo ulipofika A, na nikawa hodari kwelikweli wa kuruka huko. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyesikia mlio wowote. Kisha siku moja mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo, akaniangalia kwa heshima yote, akasema, "Mwalimu, samahani. Mbona tukifika hapa unapanda darini unatuacha wenyewe?"

Sikumwambia kwa nini. Nilisema vidole bado vinajifunza.

Aliyenisaidia ni binti yetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la 6. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Desemba. Alikuwa amelala kwenye mkeka anasoma, mimi nahangaika na bisibisi kwa mara ya mia. Akainua kichwa akasema, "Baba, mbona ile mbaya huipigi? Unatafuta nini sasa, wakati haisikiki?"

Nikamwangalia. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejizoeza kuikwepa hata pale nilipokuwa nautafuta mlio wenyewe. Napiga noti tatu safi, naiweka chini, nakaza skrubu, napiga tena zile tatu safi.

Mwalimu aliye darasani anajua jambo hili, na ndiyo maana niliona haya zaidi. Darasa la watoto 60 likiwa na mmoja anayegonga dawati, ukipiga kelele "nyamazeni nyote" watanyamaza wote, na yule naye atanyamaza, ukigeukia ubaoni ataanza tena. Humpati kwa njia hiyo. Unawaacha waendelee, unatembea polepole kati ya madawati, unaweka mkono juu ya dawati moja, halafu jingine, mpaka ufike pale ambapo ukiweka mkono kelele inakatika.

Tukafanya hivyo. Mimi nilipiga A ya chini, moja, naiacha ilie hadi mwisho, kisha nyingine. Yeye aliweka kidole kwenye sehemu moja baada ya nyingine. Daraja: nyuki yupo. Kile kibao cha plastiki chini ya nyuzi: yupo. Vitufe vya sauti, kimoja kimoja: yupo. Kifungo cha mkanda: yupo. Katikati ya kazi hiyo nikafikiri kujaribu kitu ambacho ningepaswa kujaribu tangu siku ya kwanza. Nikaenda kwenye uzi wa E, nikaubana freti ya 5, ambako inatoka A ile ile ya chini. Tzzzzz. Nikapiga freti moja zaidi, mlio ukafifia. Nikaongeza nyingine, kimya.

Huenda msomaji asiyepiga gitaa asione uzito wa jambo hilo. Kama mlio unatoka mahali pamoja tu pa uzi mmoja, tafuta freti, au uzi wenyewe, au kile kidaraja kidogo cha juu uzi unapopitia. Lakini kama noti ile ile inaleta mlio hata ukiipiga kwenye uzi mwingine, basi nyuzi hazina hatia. Kuna kitu kimelegea mahali fulani, na kitu hicho kina mtetemo wake chenyewe, nayo noti hiyo ikipita kinaitikia. Uzi wa A niliokuwa nimeuvua, nikaubadilisha, nikaunyanyua na kuusema vibaya kwa majuma sita haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa ndio tu ulioita, na kitu kingine kikaitika.

Binti akafika kwenye kichwa cha gitaa. Huko kila uzi una ufunguo wake wa kuukaza, na mguu wa ufunguo hutokeza mbele kupitia tundu lenye pete ya chuma iliyoshindiliwa kwenye mbao. Akagusa pete ya E. Yupo. Akagusa ya A, tukatazamana, maana wote wawili tulikuwa tumeweka matumaini hapo. Yupo. Ya D, yupo. Akagusa ya G.

Kimya. Noti ikaendelea kulia peke yake, nene, safi, ikafifia taratibu mpaka mwisho wake.

Akatoa kidole: tzzzzz. Akarudisha: kimya. Alicheka sana, akawa anagusa na kuachia, anagusa na kuachia, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Mimi nilikuwa sicheki.

Matengenezo yalichukua dakika 20. Nikalegeza uzi wa G, nikautoa, na pete ikatoka kwa ukucha tu. Nadhani mbao ilisinyaa wakati wa kiangazi ikaiachia. Nikakata kipande chembamba cha karatasi kutoka bahasha ya ahadi ya mwaka uliopita (ilikuwa tupu, mhazini wa usharika asiwe na wasiwasi), nikakizungusha kwenye pete, nikaisukuma ndani kwa kidole gumba hadi ikakaa. Nikarudisha uzi. Nikapiga A ya chini. Jikoni mke wangu akasema, "Afadhali."

Jumapili iliyofuata kanisani nilipiga A ya chini kwenye mazoezi ya kabla ya ibada, na mlio ukawepo! Jasho lilinitoka. Mpiga ngoma akanyoosha mkono bila hata kuniangalia, akabonyeza kitu pembeni ya ngoma yake ndogo, na mlio ukaisha. Chini ya ngoma ile kuna nyaya nyembamba zinazogusa ngozi ya chini, na besi ikilia nazo huitika. Yeye alilijua hilo miaka yote. Niliyakumbuka maneno ya fundi redio, na 5,000 yangu.

Ibada ikaanza, tukafika kwenye maungamo. Sote husimama na kuungama pamoja kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Nimeyasema maneno hayo tangu Kipaimara na sitaki mtu adhani nayadharau. Lakini asubuhi ile nilikuwa bado naona kidole cha binti yangu kikitoka ufunguo hadi ufunguo, na maneno yale yakanirudia kwa sauti yangu mwenyewe: kama kuna mtu yeyote, kwa namna yoyote. Nilikuwa nimekaza skrubu zote kidogo kidogo. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba mbele za Mungu tunaungama dhambi zote, hata zile tusizozijua, lakini mbele ya mtungia maungamo tunasema zile tunazozijua na kuzisikia moyoni. Luther alikuwa mpigaji wa luti, chombo cha nyuzi kinachofanana na udi wa taarabu, na bila shaka nacho kililegea mahali siku moja moja. Hata katika Walawi, sura ya 5, mstari wa 5, mtu mwenye hatia anatakiwa aungame kwamba amekosa katika jambo lile lile alilolikosa. Jambo lile. Na lile la kwangu nilikuwa nalisikia moyoni kila Jumapili, ila nilikuwa nimejifunza kupanda darini.

Siku hiyo palikuwa na Meza ya Bwana. Sikwenda. Sisemi kwamba nilifanya vema. Mchungaji alipojua aliniambia ningeweza kuja nikiwa hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nafikiria yale Bwana aliyosema katika Mathayo 5, kuhusu mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake.

Nilimkuta mweka hazina nyuma ya nyumba yake, ameketi kwenye kigoda anapukuchua maharage. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akaniita mkewe alete kiti, akaniulizia watoto, shule, mvua. Kwetu huwezi kuanza na jambo. Chai ikaja. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani na yote yakanipotea, nikasema tu, "Ndugu yangu, mwaka jana Januari nilisema kanisani kwamba umekula fedha ya kwaya. Sikukutaja, lakini nilikuwa nakusema wewe. Nilisema uongo juu yako. Nisamehe."

Aliendelea kupukuchua. Maganda yalikuwa makavu, yanapasuka mikononi.

"Machi ulisema kama kuna mtu," akasema. "Niliambiwa. Nikajiuliza, mimi ndiye huyo 'kama kuna mtu'?"

"Ndiwe."

"Binti yangu anaimba soprano, Mwalimu. Alikuwepo vikao vyote viwili. Alirudi nyumbani Januari akaniuliza, 'Baba, zilikwenda wapi?' Mtoto wangu mwenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akarudi ndani. Baada ya muda akaniuliza gitaa linaendeleaje, na kwa kuwa nilitaka kusema kitu chochote kile nikamsimulia habari ya nyuki, ampu, uzi wa A, na mwisho pete ya ufunguo wa G. Akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Hiyo pete ilikuwa inacheza tangu nilipolinunua," akasema. "Kidogo tu, ukiigusa. Nilipanga kuwaambia kwenye kikao tumtafute fundi aikaze kabla ya kiangazi. Nililiandika kwenye daftari langu, chini ya taarifa ya fedha. Hatukufika huko."

Nilibaki na kikombe mkononi. Miezi mitatu ya kutafuta, na aliyekuwa na jibu alikaa kilometa moja kutoka kwangu, nami ndiye niliyemnyamazisha kabla hajafika kwenye mstari wake.

Alinisindikiza hadi barabarani, kama ilivyo desturi. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema amenisikia. Akasema pia kwamba ile ya leo nimeisema kwenye maharage, lakini ile ya Januari niliisema kanisani, mbele ya watu. Hakuongeza kitu, nami sikuhitaji aongeze.

Kikao cha kwaya kiliitishwa Februari. Katibu aliponipigia simu kuniuliza kama nina jambo, nilisema ninalo, akasema ataliweka kwenye mengineyo. Nikamwomba asiliweke kwenye mengineyo, ambako watu huwa wameshaanza kuchukua miavuli yao. Aliweke kwenye yatokanayo. Akanyamaza kidogo, akasema sawa.

Mweka hazina hakuja. Binti yake alikuwepo, benchi la pili upande wa soprano. Niliposimama miguu ilikuwa inatetemeka kuliko siku niliyopiga besi mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nikamtaja kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake. Nikasema nilichosema Januari, neno kwa neno, na kwamba halikuwa kweli, na kwamba nililisema nikimlenga yeye. Nikasema kwamba msamaha niliouomba Machi haukuwa msamaha. Sikusema kwamba sisi sote ni wanadamu. Binti aliinamia kitabu chake cha nyimbo wakati wote, na nilipomaliza alikuwa bado ameinama, ila alikuwa amekifunga.

Hakuna aliyesema amina. Katibu akauliza kama aliandike hilo kwenye muhtasari. Nikasema aliandike, pamoja na jina. Tukamngoja aandike. Ajenda iliyofuata ilikuwa sare za Pasaka.